Pango, Nakala Yake na Jina Lake

Katika makala haya tunalipa deni. Wakati wa kambi ya lugha tuliyoifanya Nyamyumba, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, tuliwapa wanafunzi wetu kifungu kifupi cha Kifaransa wakifasiri kwa Kiswahili. Kilihusu pango la Lascaux nchini Ufaransa, na lile pango la pili lililojengwa jirani yake ili wageni waingie humo badala ya kuingia lile la kale. Tulidhani zoezi lingechukua nusu saa, kisha twende kwenye chemchemi za maji moto ambazo watu wa hapa huziita amashyuza. Hatukwenda siku hiyo.

Kundi la kwanza liliandika "pango bandia". La pili likaandika "pango feki". La tatu "nakala ya pango", na la nne, lenye wanafunzi waliokulia karibu na mpaka wa Goma na wanaokisema Kiswahili tangu utotoni, likaja na "pango pacha". Mwanafunzi mmoja, ambaye daima hutuchekesha, aliuliza kama atakayeingia humo atadaiwa kodi ya pango. Tulicheka, kisha tukafungua kamusi, maana swali lake lilikuwa na msingi: pango la mwambani na pango la nyumba huandikwa sawa, na mwanafunzi anayejifunza Kiswahili ukubwani hana njia ya kubahatisha kwamba ni maneno mawili.

Mjadala wa neno lile uliendelea mpaka wavuvi wa sambaza walipoanza kuingia ziwani na mitumbwi yao. Waliosema "bandia" walidai kwamba kilichojengwa jana hakiwezi kuitwa cha kale. Wenzao wakawajibu kwamba meno bandia hutafuna nyama halisi. Wa "pacha" waliulizwa: pacha si lazima wazaliwe na mama mmoja? Tuliona kwamba pande zote zilikuwa zinabishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekijua vizuri, sisi walimu tukiwemo. Tuliahidi kwenda kusoma, kisha kuandika. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwa nini pango lijengwe mara ya pili

Mnamo tarehe 12 Septemba 1940 vijana wanne waliingia katika pango moja karibu na mji mdogo wa Montignac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Ukutani walikuta mafahali, farasi na kulungu waliochorwa na watu wa zama za mawe, michoro inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka 17,000 au zaidi. Pango lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948. Miaka michache baadaye lilikuwa likipokea watu zaidi ya elfu moja kwa siku.

Mtu mmoja akipumua si kitu. Watu elfu moja wakipumua kila siku ndani ya chumba kisicho na dirisha ni jambo jingine, na mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha darasa la watu themanini wakati wa mvua, madirisha yamefungwa, ataelewa bila kuelezwa zaidi. Hewa ya kaboni ilizidi, joto na unyevu vikapanda, taa zikaotesha mwani wa kijani ukutani, kisha utando mweupe wa madini ukaanza kuifunika michoro. Mwaka 1963 waziri wa utamaduni wa Ufaransa, André Malraux, aliamuru pango lifungwe. Michoro iliyodumu gizani kwa maelfu ya miaka ilikuwa imeugua katika miaka kumi na mitano ya kutazamwa.

Hapo ndipo wazo la nakala lilipozaliwa. Nakala ya kwanza ya Lascaux ilifunguliwa mwaka 1983, kiasi cha mita 200 kutoka pango lenyewe, nayo ilionyesha sehemu mbili tu za pango zima. Altamira, nchini Hispania, iliyofungiwa umma mwaka 1977, ilipata nakala yake mwaka 2001. Pango la Chauvet, lililogunduliwa Desemba 1994 kusini mwa Ufaransa, halikuwahi kufunguliwa kabisa: wakubwa walikuwa wamejifunza kutokana na Lascaux. Nakala yake ilifunguliwa mwaka 2015. Lascaux nayo ilipata nakala nyingine, pana zaidi, Desemba 2016.

Kuna sababu nyingine pia, na hii inatisha zaidi. Karibu na Marseille liko pango la Cosquer, ambalo mlango wake uko mita 37 chini ya uso wa bahari. Watu waliochora humo waliingia kwa miguu mikavu, kwa kuwa zama hizo bahari ilikuwa chini sana. Leo maji yanazidi kupanda ndani ya pango, na michoro iliyo karibu na maji inaliwa mwaka hadi mwaka. Nakala iliyofunguliwa mjini Marseille mwaka 2022 siyo tu ya kuwazuia wageni wasilichafue pango. Huenda siku moja ikawa ndiyo pekee iliyobaki.

Kulipima giza

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Zamani mtu aliyetaka kunakili mchoro wa pangoni aliweka karatasi angavu juu yake na kuufuata kwa kalamu. Ndivyo alivyofanya Mary Leakey katika Kondoa, Tanzania, mwaka 1951, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu michoro ya miambani. Ni kazi ya subira na ya heshima, lakini ina kasoro mbili. Karatasi huugusa mwamba. Na karatasi ni bapa, hali ukuta wa pango una vifua, mabonde na mikunjo. Mchoraji wa kale aliutumia mkunjo huo kwa makusudi: pale palipovimba akaweka bega la mnyama. Ukiunyoosha ukuta umeua nusu ya mchoro.

Chombo cha leo kinaitwa skana ya leza. Husimamishwa juu ya miguu mitatu, hutuma mwale wa nuru ukutani, kisha huupokea unaporudi. Kwa kuwa kasi ya nuru inajulikana, safari ya mwale huo hutoa umbali kutoka kwenye chombo hadi nukta ile moja ya ukuta. Chombo hurudia jambo hilo mara maelfu kwa sekunde huku kichwa chake kikizunguka. Mwishoni unapata kile ambacho wataalamu hukiita wingu la nukta: mamilioni ya nukta zinazoelea ndani ya kompyuta, kila moja ikijua mahali pake. Ukiziangalia kwa mbali unaona pango; ukizisogelea unaona vumbi.

Skana haioni kilichojificha. Nyuma ya kila jiwe hubaki tundu jeusi, kama kivuli cha mtu aliyesimama mbele ya taa. Kwa hiyo chombo huhamishwa, hupimwa tena kutoka upande mwingine, na tena, kisha mawingu yote huunganishwa kuwa moja. Katika Chauvet kazi hii ilifanywa na watu wasiokanyaga sakafu: humo zimewekwa njia za chuma, na hakuna anayeruhusiwa kutoka nje yake, kwa sababu sakafu yenyewe ina mifupa ya dubu na alama za kale.

Leza hutoa umbo, lakini rangi huletwa na picha. Hapa huingia mbinu iitwayo fotogrametria. Msomaji na ajaribu kutunga uzi kwenye sindano huku amefumba jicho moja. Atashindwa mara kadhaa, kwani macho mawili yanapokiona kitu kimoja kutoka sehemu mbili, ubongo hupata kina chake. Fotogrametria hufanya vivyo hivyo kwa mamia ya picha. Mpiga picha husogea hatua kwa hatua na kuhakikisha kila picha inafunika zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Programu hutafuta alama zilezile katika picha mbalimbali, ufa huu, doa lile, na kutokana na tofauti za mahali zilipoonekana hukokotoa umbo. Huwekwa rula kando ya ukuta ili vipimo vijulikane, na kadi ya rangi ili wekundu ubaki kuwa wekundu uleule hata taa zikibadilika. Kisha nukta huunganishwa kwa pembetatu ndogondogo, kama wavu wa mvuvi uliotandazwa juu ya mwamba, na picha huvikwa juu ya wavu huo.

Tunataja fotogrametria kwa kirefu kwa sababu haihitaji chombo cha bei kubwa. Kamera ya kawaida, hata ya simu, inatosha kuanzia.

Kutoka kompyuta hadi ukuta

Kuna njia zaidi ya moja ya kuurudisha wavu huo uwe ukuta. Katika nakala mpya ya Lascaux mashine zilizoongozwa na kompyuta zilichonga umbo la pango katika povu gumu jepesi, mafundi wakamalizia kwa mkono, kisha zikatolewa kalibu na ukuta ukafinyangwa kwa resini na unga wa mawe. Kwa nakala ya Chauvet zilikunjwa fito za chuma kufuata mikunjo iliyopimwa, juu yake ikarushwa saruji, na wachongaji wakaifanyia kazi kabla haijakauka. Waliwekea hata ubaridi na harufu ya unyevu.

Jambo lililotushangaza ni kwamba mashine huishia hapo. Michoro yenyewe huchorwa na watu. Picha huangazwa juu ya ukuta mpya, na mchoraji hufuata, lakini hawezi kufuata tu. Mstari uliochorwa kwa woga huonekana kuwa na woga, hata ukipita mahali penyewe hasa. Kwa hiyo wachoraji hujifunza kwanza mkono wa yule wa kale: alianzia wapi, alikandamiza wapi, alipuliza rangi au alipaka kwa kidole. Monique Peytral, aliyechora nakala ya kwanza ya Lascaux, aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Altamira ilichorwa na Pedro Saura na Matilde Múzquiz, waliotumia rangi za madini na makaa kama watangulizi wao. Mfasiri yeyote mzuri anaijua hali hii. Anaweza kuwa na kamusi zote mezani, lakini sentensi lazima aiandike kwa pumzi yake mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba nakala nyingi si kamili. Pango la Chauvet lina ukubwa wa takriban mita za mraba 8,500. Nakala yake ina kiasi cha 3,000. Waliobuni jengo walichagua kuta muhimu, wakazisogeza karibu karibu na kuyaacha mapito marefu yasiyo na michoro. Mgeni hutembea mwendo ambao hakuna mtu wa kale aliyeutembea. Hatusemi hili kwa kulaumu. Lakini wanafunzi wetu wa kundi la "pacha" walipolisoma walinyamaza kidogo, kisha wakaomba kufuta neno lao. Huo, walisema, si upacha, ni muhtasari.

Na huku kwetu?

Nyamyumba hakuna pango lenye michoro ya kale, na hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kulibuni. Lakini mapango yapo katika nchi hii ya volkeno. Juu ya Gisenyi, upande wa pili wa mpaka, unasimama mlima Nyiragongo, na safu nzima ya Virunga imetengenezwa kwa moto. Lava inapotiririka, juu yake hupoa na kuwa gamba gumu huku ndani ikiendelea kwenda kama maji ndani ya bomba. Ikiisha kupita, bomba hubaki tupu. Mapango ya Musanze, yaliyofunguliwa kwa watalii mwaka 2013 na yenye urefu wa kilomita mbili hivi, yalizaliwa kwa njia hiyo. Watu wameyatumia tangu zamani, wakajificha humo nyakati za vita, na ni mahali penye kumbukumbu nzito. Mgeni anaombwa kuingia kwa heshima.

Mwezi Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo. Nyumba zilipasuka Goma na hapa Rubavu. Baadhi ya wanafunzi wetu walilala nje. Mtu aliyepitia siku zile haulizi kwa nini tupime pango ambalo bado limesimama.

Nakala moja ya ukubwa halisi katika ukanda wetu siyo ya pango, ni ya nyayo. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kundi la Mary Leakey lilifukua mwaka 1978 na 1979 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Mafundi walitoa kalibu na kutengeneza nakala, kisha nyayo zikafukiwa ili zihifadhike. Baada ya miaka michache ikagundulika kwamba miti ya migunga imeota juu yake na mizizi inashuka. Katikati ya miaka ya 1990 idara ya mambo ya kale ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani walizifukua tena, wakaitoa mizizi, wakazipima kwa fotogrametria, na kuzifukia upya mwaka 1996 chini ya vitambaa maalumu, mchanga na mawe. Wazee wa Kimasai wa jirani walishirikishwa, na ibada ya jadi ikafanyika mahali hapo. Anayekwenda kwenye jumba la makumbusho la Olduvai huonyeshwa nakala.

Nakala hizo zimefanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliotumia skani za dijitali za nakala za kwanza, kwa kuwa nyayo zenyewe zilikuwa zimelala chini ya udongo. Mwaka huohuo kundi lililoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitangaza nyayo nyingine zilizopatikana Laetoli, nazo zilirekodiwa kwa kamera na fotogrametria tangu mwanzo. Kwa hiyo nakala si kitu cha mtalii peke yake. Mtaalamu pia huisoma.

Michoro ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko katika hali tofauti. Haiko ndani ya mapango yenye giza bali chini ya miamba iliyoinama, wazi kwa jua, mvua, vumbi na mikono. Kuna wageni ambao hurushia maji rangi ili zing'ae kwenye picha zao. Kila tone huondoka na kitu. Huwezi kulifunga jua nje ya mwamba kama Malraux alivyolifunga pango. Lakini unaweza kurekodi. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioongozwa na Heinz Rüther na wenye jina la Kiswahili kabisa, umepima kwa leza majengo ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Lamu. Taasisi ya TARA ya Nairobi, iliyoanzishwa na David Coulson mwaka 1996, imepiga picha za sanaa ya miambani katika nchi nyingi za Afrika, na kiasi cha picha 25,000 kati ya hizo ziliorodheshwa katika Makumbusho ya Uingereza, London.

Hapa tunakiri kwamba hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema picha zikikaa London zi salama. Mwingine akauliza: salama kwa nani, na mwanafunzi wa Kolo ataziombaje, kwa lugha gani? Picha hizo zinapatikana kwa njia ya mtandao, hilo ni kweli. Lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, na mtoto wa Kondoa anayetafuta mlima wa kwao kwa jina analolijua huenda asiukute.

Panga ya nani?

Tukaja kwenye mfano uliotugusa kuliko yote. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kuna pango ambalo limechimbwa na wanaakiolojia tangu mwaka 2010. Ndani yake yalipatikana mabaki ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, akiwa amelazwa ubavu wa kulia na miguu imekunjwa. Mifupa ilikuwa laini mno hata haikuweza kutolewa mmoja mmoja. Watafiti walilifunika bonge zima la udongo kwa plasta, wakalipeleka Nairobi, na baadaye Burgos nchini Hispania, ambako lilisafishwa polepole na kupigwa picha za eksirei za kompyuta. Umbo la mwili lilijengwa upya kwenye skrini. Matokeo yalitangazwa Mei 2021, na watafiti wakampa yule marehemu jina la Mtoto.

Pango linaitwa Panga ya Saidi. Tuliliandika jina hilo ubaoni bila maelezo na kuwataka wanafunzi waeleze maana yake. Darasa zima lilisema: panga la Saidi, ile silaha ya kukatia. Mmoja akasahihisha sarufi, kwamba ilipasa kuwa "panga la". Alikuwa sahihi kwa Kiswahili sanifu na alikosea kabisa kwa mahali penyewe, kwani katika usemi wa wenyeji wa huko "panga" ni pango, na yako mapango mengine kadhaa yanayoitwa hivyo.

Fikiria sasa rekodi ya dijitali ya pango hilo ikifunguliwa baada ya miaka mia moja. Kila ufa utakuwepo, kwa usahihi wa milimita. Na jina litasomeka kama panga la mtu aitwaye Saidi, kwa sababu skana haikusikia neno lolote.

Ndiyo maana tunaona kwamba jambo hili linatuhusu sisi walimu wa lugha, na wala hatujaliokota njiani. Rekodi ya pango hukamata sura. Haikamati jina, wala hadithi, wala neno analolitamka mzee anapovua viatu mlangoni. Katika eneo la Kolo, Kondoa, wenyeji bado hufanya matambiko kwenye baadhi ya miamba yenye michoro, kuomba mvua na uponyaji. Nakala ya mwamba ule ikijengwa mjini, hakuna atakayekwenda kuiombea mvua, na ni sawa. Lakini rekodi isiyosema kwamba watu huombea mvua pale imerekodi rangi na kuacha mwamba.

Yapo mahali walikofanya vizuri zaidi. Nchini Brazili pango takatifu la Kamukuwaká, la watu wa Wauja, lilikutwa mwaka 2018 limeharibiwa, michoro yake ya kale ya kuchongwa imepigwa ikavunjwa. Taasisi ya Factum ya Madrid ilipima kuta zilizobaki, kisha ikatumia picha za zamani pamoja na kumbukumbu za Wauja wenyewe kurudisha michoro iliyopotea. Nakala ilisafirishwa na kukabidhiwa kwenye kijiji chao mwaka 2024. Skana haingeweza kupima kilichokwisha kuvunjwa. Watu ndio waliosema hapa palikuwa na hiki, na jina lake ni hili.

Tuliporudi kwenye kifungu cha Kifaransa

Siku ya mwisho ya kambi tulirudi kwenye zoezi. Kwa wingi wa kura, si kwa kauli moja, tuliamua hivi. Pango lililojengwa liitwe nakala. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na shina lake hubeba maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Ndilo hilohilo lililotupa kunukuu. Linafaa kwa pango kuliko linavyofaa kwa karatasi. Vipimo, mawingu ya nukta na picha viitwe rekodi. "Bandia" tumeliachia kile kilichokusudiwa kumdanganya mtu, kama noti. "Feki" likabaki sokoni. Mwenzetu mmoja bado anatetea "mwigo", akidai kwamba nakala hufanywa na mashine na mwigo hufanywa na mtu, na kwamba kuta zile zilichorwa na watu. Hoja yake ni nzuri, na tunamkaribisha aiandike katika toleo lijalo.

Mchana ule hatimaye tulikwenda amashyuza. Wanafunzi walijaribu fotogrametria kwa simu zao: walilizunguka jiwe moja la ufukoni na kupiga picha mia moja na zaidi. Jiwe lilitokea vizuri kwenye kompyuta, hata nyufa zake. Maji hayakutokea. Palipokuwa na ziwa programu ilitoa matambara yaliyochanika, kwa sababu uso wa maji hung'aa na kubadilika kati ya picha moja na nyingine, na programu haipati alama ya kushika. Penye mvuke wa chemchemi palibaki shimo tupu.

Kundi jingine halikuwa na kamera. Lilikaa na wazee waliokuja kuoga maji ya moto kwa ajili ya viungo vyao, likauliza kila dimbwi na kila jiwe huitwaje, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili cha hapa ziwani, na nani alimwambia msemaji jina hilo. Tulikuwa tumewachorea fomu yenye safu nne: mahali, jina, lugha, msemaji amelipata wapi. Karibu na jiwe lile lililopigwa picha, kwenye safu ya jina, mwanafunzi ameandika kwa kalamu ya risasi: wazee wawili wametaja majina mawili tofauti, naomba safu nyingine.